ADUI MWOMBEE NJAA: WATAWALA WANAMWOMBEA NANI?

Wahenga walisema adui mwombee njaa. Hawakusema adui mpige risasi, wala adui mtie jela. Walijua wazee wale kwamba mtu mwenye njaa hana ubishi, hana mkutano, hana mgombea. Ukimwonyesha kibaba cha unga anainamisha kichwa. Sasa tuulizane, vijana wenzangu wa Korogwe, wa Tanga, wa Manzese na Mbagala: katika nchi yenye Pangani, Rufiji na Kilombero, nani kafanywa adui hata aombewe njaa?

Kila mwaka wakubwa wanatuimbia wimbo mmoja: wananchi, kuleni mlo kamili. Sasa makundi ya vyakula ni sita, nayo ni nafaka na mizizi, vyakula vya wanyama, jamii ya kunde, mboga, matunda, na mafuta yenye afya. Wimbo wenyewe hauna kosa. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu 1973 na wataalamu wake wanajua wanachosema. Kosa ni la kigogo anayeshuka kwenye shangingi, tumbo mbele, akamhubiria mpiga debe habari za maziwa, samaki na matunda bila kumwuliza mfukoni ana nini. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mbaya zaidi, anataka kumfundisha kula.

TUANZE NA SUFURIA YETU

Sisi wa upinzani tunaambiwa kazi yetu kulalamika tu. Haya, leo tuanze na yaliyo mikononi mwetu.

Kijana wa bodaboda anakula chipsi mayai mchana, chipsi kavu usiku, na soda juu yake. Amekula fedha, hajala chakula. Fedha hizo hizo, wakichanga watatu wa chumba kimoja, zinawatosha sufuria la maharage au choroko, fungu la mchicha, dagaa wa kutosha na dona la siku nzima. Nenda sokoni kwenu ukapige hesabu mwenyewe, usiniamini mimi.

Halafu tuongelee sembe. Mahindi yakikobolewa, kinachotoka ni ganda na kiini, na humo ndimo mlimo mafuta ya mahindi, madini ya chuma na zinki, sehemu kubwa ya vitamini B na ile nyuzinyuzi inayokufanya ushibe mpaka jioni. Tunabaki na weupe. Pumba inauzwa kwa wafugaji. Yaani sisi tunakula rangi, kuku wanakula lishe! Mjanja hapo ni nani, mtu au kuku?

Wazee wa Uzigua hawakuwa wajinga. Walikula bada kwa mchunga, kisamvu, mlenda na kunde. Leo kijana akiletewa mlenda mbele ya rafiki zake anaona haya, anasema ni chakula cha kijijini. Ndugu yangu, dagaa analiwa mzima na mifupa yake, ndiyo chokaa ya mifupa yako. Maharage ukiyaloweka usiku yanaiva upesi na mkaa unapungua. Chungwa moja baada ya maharage linausaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi juu ya mlo inauzuia. Kwa hiyo chai ingoje, chungwa litangulie. Hayo hayahitaji semina wala posho ya kikao.

Tahadhari ni moja. Dona la mahindi yaliyoota kuvu ni sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu wasiopungua 19 walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Chagua mahindi kabla ya kusaga. Yaliyobadilika rangi tupa, hata kama ni ya bei poa.

DONA SI SERA

Hapo wapambe watapiga makofi: safi sana, wananchi wajifunze kubana matumizi! Ngojeni kwanza. Dona ni akili ya mnyonge, dona si sera ya serikali. Mtu anaweza kupanga vizuri Sh 3,000 aliyonayo, lakini hawezi kupanga vizuri fedha ambayo hana, wala hawezi kulima shamba alilonyang'anywa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Tunakubali, mwaka 2015/16 walikuwa 34, imepungua. Lakini hao 30 si takwimu, ni watu. Wengi wao mwili na ubongo vimekwishapunjwa, na kuwarudishia walichopunjwa ukubwani ni kazi ngumu mno. Na katika Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa inayosifiwa kwa kulisha taifa, wanaodumaa ni nusu au zaidi. Mahindi yapo, mtoto kadumaa. Mnaona basi kwamba gunia la mahindi peke yake si chakula?

Dawa ya serikali ni nini? Halmashauri ziliagizwa kutenga Sh 1,000 kutoka mapato yao kwa kila mtoto chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Sh 1,000 kwa mwaka! Igawe kwa siku 365, haifiki hata shilingi tatu kwa siku. Hakuna duka Tanzania linalouza kitu cha shilingi tatu. Wakati huo huo bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda kutoka Sh bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi Sh trilioni 1.24 mwaka 2024/25. Tunapongeza kuongezeka. Lakini tunauliza, hizo trilioni zinashukia sahani ya nani?

NENDENI MISIMA MKAONE

Jibu lipo wilayani Handeni, mwendo usio mrefu kutoka Korogwe. Mwaka 2022 kijiji cha Msomera, katika kata ya Misima, kilipata umaarufu wa ghafla. Juni mwaka ule serikali ilianza kuwahamishia huko wafugaji wa Kimasai kutoka Ngorongoro. Wakajengewa nyumba za vyumba vitatu kwenye viwanja vya ekari 2.5, wakaahidiwa shamba la ekari tano, fedha, na magunia mawili ya mahindi kila miezi mitatu kwa miezi 18. Picha zikapigwa, nyimbo zikaimbwa.

Hatukatai kilichopo. Nyumba zipo, shule ipo, umeme umefika, na wapo waliohamia waliosema wameridhika. Sasa tupige hesabu ya sufuria, maana nyumba hailiwi.

Magunia mawili, tuyahesabu kilo 100 kila moja, ni kilo 200. Familia ya watu wanane kwa siku 90 inapata kama kilo mbili na robo kwa siku, sawa na gramu 280 hivi kwa kila mtu. Hiyo ni nguvu ya kama kalori 1,000. Mashirika ya msaada yanapopanga chakula cha wakimbizi yanapiga hesabu ya kalori 2,100 kwa mtu. Kwa gunia, basi, raia wa Tanzania aliyehamishwa ndani ya nchi yake alipangiwa chini ya nusu ya mkimbizi! Na aliyefika Juni 2022, miezi yake 18 iliisha Desemba 2023.

Mtatuambia: wana ng'ombe hao, wanywe maziwa. Naam! Lakini ng'ombe halishwi hotuba. Anataka nyasi, maji na nafasi ya kuhama msimu ukibadilika. Mfugaji ukimpimia ekari tano na hati umempa kiwanja, hujampa malisho. Maziwa yakikatika, mlo wake unageuka ugali mtupu, na mlo wa mtoto wake ndio ule ule wa udumavu tuliokwisha kuutaja.

Na njaa ya Ngorongoro haikuanza jana. Mwaka 1975 kilimo kilipigwa marufuku ndani ya hifadhi. Mwaka 1992 kikaruhusiwa, watu wakala mahindi na mboga zao. Mwaka 2009 kikapigwa marufuku tena. Umemkataza mtu kulima, mifugo yake ikapungua kwa ukame na maradhi, halafu unamwambia: unaona ulivyo maskini? Hama! Huo ndio uombezi wa njaa tunaousema.

NA WENYEJI JE?

Kuna upande mwingine ambao redio za sifa haziutaji. Msomera haikuwa pori la nyani. Walikuwapo watu, wafugaji na wakulima, wenye makazi, mashamba na malisho. Walipodai haki yao, waliambiwa eneo lile lilikuwa pori tengefu. Shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti Julai 2024, likieleza wenyeji waliosema ardhi yao ilichukuliwa wakapewa wageni bila fidia. Serikali inaitetea kazi yake na kusema wanaohama wanahama kwa hiari.

Sisi tunauliza kwa kutumia sheria ya serikali yenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya 1999 inasema ardhi ya kijiji haihamishwi kimyakimya. Mkutano mkuu wa kijiji usikilizwe, na fidia ikubaliwe kabla ya kuhamisha, si baada. Je, mihtasari ya mikutano hiyo ipo? Orodha ya waliofidiwa ipo? Ibandikeni ukutani pale ofisi ya kata tuisome.

Matokeo ni nini? Mzigua na Mmasai wanatazamana kwa jicho baya kwenye kisima kimoja. Aliyewakutanisha kwa ugomvi yuko Dodoma anakunywa chai. Vijana wa Handeni, msikubali mchezo huo. Aliyeletwa kwa lori si adui yako, naye kaombewa njaa kama wewe.

HISTORIA HAISAHAU

Miaka ya 1830 njaa kali iliikumba Uzigua. Watu wengi wakaishia kuuzwa utumwani, wakavushwa bahari hadi Somalia. Wajukuu wao walikaa bonde la Juba zaidi ya miaka 150, wakitunza lugha ya Kizigua. Vita ya 1991 ikawakimbiza, na wengine wakarudi Handeni kama wakimbizi, kisha wakapewa makazi Chogo na uraia wa Tanzania. Ardhi iliyowatema kwa njaa ikawapokea.

Mwanahistoria James Giblin, aliyeichunguza Handeni, alionyesha kwamba njaa za wakati wa ukoloni hazikuwa za mvua peke yake. Utawala ulivunja njia ambazo watu walizitumia kujikinga: akiba za machifu, biashara yao, na uhuru wa kupanga ardhi na mifugo yao. Mvua ikikosekana, hakuna pa kukimbilia. Ndiyo yale yale. Baba zetu walisombwa kwa Operesheni Vijiji, wakala yanga ya Marekani, na ruzuku ya sembe ilipofutwa 1984 wakaachwa na soko. Januari 2017, ukame umeshika, Rais Magufuli akatangaza hadharani kwamba serikali haitagawa chakula cha msaada. Mzungu aliondoka 1961. Tabia ya kumlaumu mwenye njaa ikabaki ofisini.

TUNATAKA MANNE

Kwanza, Msomera na vijiji jirani vya Misima vipimwe upya mbele ya wananchi, wenyeji waliopoteza mashamba walipwe, na malisho ya pamoja yatengwe kisheria. Asihamishwe mtu mwingine kabla ya hapo.

Pili, chakula cha mchana shuleni kiingie katika bajeti ya taifa. Elimu inaitwa bila malipo tangu 2016, lakini chakula kimeachwa kiwe mchango wa wazazi. Mzazi asiye na mahindi anachanga nini?

Tatu, hiyo Sh 1,000 ya mtoto ipandishwe, na kila halmashauri, Handeni na Korogwe zikiwa za kwanza, itangaze imetumia kiasi gani na wapi.

Nne, mashine ndogo za mitaani zisaidiwe kuongeza virutubishi katika unga. Kanuni za 2011 ziliwabana wasagaji wakubwa, wakati mlalahoi anasaga uchochoroni.

Kazi yako, kijana, usiiache kwa viongozi wa vyama. Mkutano wa mtaa ni haki yako, nenda ukaulize mapato na matumizi. Mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri una fungu la vijana, ombeni kwa kikundi, limeni mboga, fugeni kuku, safirisheni machungwa. Na kampeni zikifika na sufuria la pilau, kumbuka kwamba takrima ilihalalishwa mwaka 2000 na Mahakama Kuu ikaifuta 2006, kwa sababu majaji waliona wazi kuwa ni rushwa. Sahani moja ya pilau kwa miaka mitano ya mlo mmoja kwa siku ni biashara ya mwendawazimu.

Wakija kukufundisha kula, wapishe wakae. Kisha waulize swali moja tu, na usiwaachie mpaka walijibu: shamba la yule wa Misima liko wapi?