MAFUTA YA KUPIKIA: TUJUE TUNACHOTIA CHUNGUNI



Siku hizi barazani na kisimani kuna ubishi mkali juu ya mafuta. Wako wanaosema nazi ndiyo inayotuletea presha, basi tuiache kabisa. Wako wanaosema mafuta ya nazi ni dawa, ukinywa kijiko kila asubuhi huna haja tena na vidonge vya zahanati. Neno la kwanza linatupiga mfukoni, maana Mafia bila mnazi ni nini? La pili linaweza kuua mtu. Kwa hiyo tumeona tuliseme wazi.

Mafuta si ya namna moja. Katika kila sehemu 100 za mafuta ya nazi, zaidi ya 80 ni mafuta mazito yenye tabia ya kuganda. Mawese yana karibu nusu, na mafuta mengi ya kupima yanayouzwa madukani ni mawese yaliyosafishwa. Ufuta una kama 15, alizeti kama 11. Hayo mazito ndiyo yanayoongeza lehemu katika damu, na lehemu ikizidi hujenga ukoko ndani ya mishipa ya moyo. Mtu atauliza, mbona mafuta ya nazi hapa Chole ni maji matupu? Ni joto letu tu. Joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda, na asubuhi za kipupwe akina mama huyaona yamefanya ukungu chupani.

Tutazame wenzetu wa kisiwa cha Morisi, bahari hii hii yetu. Mwaka 1987 serikali yao ilibadilisha mafuta ya bei nafuu waliyokuwa wakipikia watu wengi, kutoka mawese kwa sehemu kubwa yakawa ya soya. Walipopimwa damu mwaka 1992, lehemu ilikuwa imeshuka vizuri sana. Walihimizwa na mambo mengine pia, lakini badiliko la mafuta lilikuwa kubwa, na hakuna aliyeambiwa aache kupika.

Sasa wapo watakaosema, haya, tununue alizeti. Alizeti inalimwa Singida na Dodoma. Mpaka ifike Nyamisati, ivuke hadi Kilindoni, iende Utende, halafu ipakiwe tena kuja kwetu, kila bega lililoibeba limeongeza bei. Hatuwezi kumwambia mtu wa kipato chetu apikie hayo kila siku.

Lakini kuna tui na tui, ndugu zetu. Mafuta mengi ya nazi yamo katika kasimile, lile tui la kwanza. Tui la pili na la tatu ni jepesi, na kisamvu kinakubali tui jepesi vizuri tu. Tunamwona mgonjwa anajisifu hagusi mafuta ya duka, kumbe sinia moja lina wali wa nazi, samaki wa kupaka na kisamvu cha nazi, vyote kwa kasimile! Huyo kapunguza nini? Nazi iwe kwenye chakula kimoja, vingine vipumzike. Na chukuchuku tuliirithi kwa wazee: samaki, ndimu, nyanya, pilipili, bila tone la mafuta. Waume nao waache kununa wakiiona mezani.

Anayetaka kupunguza mwili ajue kwamba kijiko cha alizeti kinanenepesha sawasawa na kijiko cha nazi. Huyo apime kwa kijiko, asimimine kwa macho. Mwenye presha aangalie chumvi kabla ya mafuta. Kijiko kimoja kidogo cha chai kinatosha mtu mzima kutwa nzima, na hapo ng'onda keshahesabiwa. Vidonge asiache bila kuambiwa na mganga wa zahanati. Na dada zetu wa bajia na maandazi, mafuta yakishakuwa meusi na kutoa moshi, mwageni, msiyaongezee mapya juu yake.

Hatusemi nazi ni sumu. Fundi wa majahazi anayepiga tezo tangu asubuhi, mwenye afya yake, ale wali wake wa nazi. Wazee wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai ya 1975, tulivyokaa vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadiliana. Jambo hili nalo linataka kikao cha namna hiyo, si fununu za kisimani.

Tunapendekeza duka la ushirika lilete dumu moja la alizeti, liuzwe kwa kipimo kidogo kidogo ili mgonjwa asilazimike kununua lita nzima. Wanachama wengine wanaona fedha hiyo ingenunua sukari kwanza. Sisi hatukubaliani nao, na tutalisema hilo katika mkutano ujao. Mwenye mgonjwa nyumbani aje, aseme anahitaji kiasi gani kwa wiki, ili tujue kama dumu litaisha au litatuozea.