Msimu wa Ulaya haumsubiri msuka vikapu wa Iringa

KILA mwaka inapofika mwisho wa Agosti, maduka ya vyombo vya nyumbani ya Ulaya na Marekani hubadili sura. Mapazia mepesi ya kiangazi huondolewa madirishani na mahali pake huwekwa mazito. Mablanketi ya sufi, mazulia, taa za mezani na vikapu vikubwa vya kuwekea kuni au nguo hupangwa mbele, mahali ambapo mteja hawezi kupita bila kuviona.

Wenyewe huyaita hayo majira ya majani kupukutika. Kamusi za Kiswahili huyapa jina la vuli, jambo linaloweza kumchanganya mkulima wa huku, maana vuli anayoifahamu yeye ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Kule hakuna mvua ya kupandia. Kuna baridi inayoanza, jua linalotua mapema na watu wanaorudi kukaa ndani baada ya miezi mitatu ya kukaa nje. Mtu akishajua kwamba ataikodolea macho sebule yake hadi Machi, huona bora aitengeneze.

Kwa mfanyabiashara wa Afrika Mashariki habari hiyo si ya umbea. Vitu vinavyotafutwa na wenye nyumba hao ni vile vinavyotoka shambani: zulia la mkonge, kikapu cha majani, mkeka wa ukili. Na rangi zinazopendwa katika majira hayo, yaani kahawia, udongo wa kuchoma, haradali na kijani kilichofifia, ni rangi za vitu hivyo hivyo. Kampuni ya Pantone ya Marekani, ambayo tangu mwaka 2000 hutaja rangi moja kuwa rangi ya mwaka, iliichagua kahawia iliyoipa jina la Mocha Mousse kwa mwaka 2025. Kikapu cha milulu cha Iringa kimekuwa na rangi inayokaribia hiyo tangu enzi za mabibi, bila kutangazwa na mtu.

Soko basi lipo. Ushuru nao si kikwazo kikubwa kwa upande wa Ulaya, kwani tangu mwaka 2001 Umoja wa Ulaya umezifungulia nchi maskini zaidi duniani, Tanzania ikiwamo, mlango wa kuingiza karibu bidhaa zote isipokuwa silaha bila ushuru. Swali la kujiuliza ni kwa nini msuka vikapu wa Iringa bado anauza kikapu chake kando ya barabara kuu kwa bei anayopangiwa na abiria wa basi.

Semina za wajasiriamali zimezoea kujibu kwamba akina mama hawajui mitindo. Huletwa mtaalamu, akaonyesha picha za majarida, akafundisha kuchanganya rangi, akaondoka. Mwaka unaofuata rangi zimebadilika. Aliyetia vikapu mia rangi ya zambarau kwa kuambiwa ndiyo inayotamba hubaki navyo ndani, panya wakizalia humo.

Kinachowaangusha si mtindo bali kalenda, na hilo linaweza kuonekana kwa hesabu ya vidole. Duka linalotaka vikapu viwe mezani mwisho wa Agosti huhitaji viwe ghalani mwake, tuseme Ujerumani, katikati ya Julai. Meli kutoka Dar es Salaam huchukua wiki nne hadi sita kufika kaskazini mwa Ulaya, na tangu mwishoni mwa mwaka 2023, meli nyingi zilipoanza kuikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, wasafirishaji wamejifunza kuongeza siku kumi au zaidi juu ya hizo. Kontena basi lifungwe Mei. Oda yenyewe hutolewa baada ya maonyesho makubwa ya Frankfurt na Paris, ambayo hufanyika Januari na Februari.

Kwa maneno mengine, kikapu cha vuli ya Ulaya husukwa kati ya Februari na Mei.

Sasa itazamwe kalenda ya msukaji. Iringa hupata msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Februari mwanamke huyo yuko kwenye palizi ya mahindi. Machi yuko kwenye maharage. Hakuna mwenye akili atakayemshauri auache mlo wa mwaka mzima akasuke kikapu cha mtu asiyemjua. Chukua mfano wa oda ya vikapu 500 iliyogawiwa wanawake 25: kila mmoja asuke 20. Kama jioni zake za baada ya shamba zinamwezesha kumaliza kikapu kimoja kwa siku nne, oda hiyo ni siku 80, na hapo hakuna msiba, hakuna mtoto aliyeugua. Kikundi kikichelewa wiki tatu, mnunuzi hana la kufanya na mzigo. Atautaka kwa nusu ya bei au hatautaka kabisa, na mwaka ujao hapigi simu.

Kuna na unyevu. Kikapu kilichosukwa masika na kufungwa kikiwa hakijakauka sawasawa husafiri wiki sita katika kontena lililofungwa, na kikifunguliwa kina ukungu. Mara nyingi lawama ya ukungu huo humwangukia msukaji, ingawa kilichokosekana ni chumba kikavu.

Miezi ambayo mwanamke wa Iringa ana nafasi ni Julai hadi Oktoba, baada ya mavuno. Majani hukauka vizuri, barabara zinapitika, shamba limelala. Kazi ya miezi hiyo kwa vuli ya mwaka huo imechelewa, lakini kwa vuli ya mwaka unaofuata imewahi mno. Jibu basi ni kusuka kiangazi, kuweka akiba, na kumwuzia mnunuzi wa Februari kutoka ghalani.

Hapo ndipo suala la rangi linaporudi kwa sura nyingine. Bidhaa ya kuweka miezi minane haiwezi kuwa bidhaa ya kufuata mitindo. Kikapu kilichotiwa rangi ya mwaka huu ni kamari, ilhali kikapu cha rangi yake ya asili, chenye vipimo vitatu visivyobadilika, kinauzika mwaka huu na mwaka ujao. Kukwepa rangi za dukani kuna faida ya ziada: Ulaya ilipiga marufuku mwaka 2002 baadhi ya rangi za viwandani katika vitambaa na ngozi kwa kuhofia saratani, na wanunuzi wa huko wamekuwa wakiuliza maswali juu ya kila kilichopakwa. Si lazima vikapu vyote viwe vitupu, bali rangi isubiri oda iliyolipiwa.

Wanyarwanda walionyesha mwaka 2005 kwamba jambo hili linawezekana. Vikapu vyao vya agaseke, vinavyosukwa kwa singa za mkonge juu ya majani, viliingia katika maduka ya Macy's ya Marekani kupitia kampuni ya Gahaya Links. Waliouza hawakumpeleka kila msukaji kutafuta soko lake. Kulikuwa na kampuni moja ya kupokea oda, kukagua ubora na kusafirisha, na msukaji akabaki na kazi anayoiweza.

Kigumu ni fedha. Msukaji hawezi kungoja Februari alipwe kazi aliyoifanya Agosti, wakati ada ya shule ni Januari. Atauza kwa yeyote atakayepita. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, asilimia 4 ikiwa ya wanawake, lakini mkopo unaoanza kurejeshwa kabla mzigo haujauzwa haufai kwa mzigo wa kukaa ghalani. Tanzania ina Sheria ya Stakabadhi za Ghala tangu mwaka 2005, na wakulima wa korosho wa kusini wanaijua kwa mazuri na mabaya yake. Mkulima hupeleka mzigo, hupewa stakabadhi, hulipwa sehemu, mengine huja mzigo ukiuzwa. Hakuna sababu ya msingi kwa nini utaratibu wa namna hiyo usijaribiwe katika ghala moja la vikapu la Iringa, likiwa na mkaguzi mmoja mkali. Ubishi kwamba vikapu si zao la biashara ni ubishi wa makaratasi.

Kwa mkonge hali ni tofauti kidogo. Zao hilo lililoletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, likianza na miche 62 tu iliyosalimika safari, liliifikisha nchi kwenye uzalishaji wa zaidi ya tani 230,000 mwaka 1964 kabla ya kamba za nailoni na plastiki kulimaliza soko. Mkonge husubiri takriban miaka mitatu kabla ya kukatwa mara ya kwanza, na baada ya hapo haubanwi na msimu. Singa zilizotoka korona zikakaushwa vizuri hukaa. Viwanda vya Tanga husokota kamba na uzi, lakini zulia lenyewe, lenye kushikizwa mpira chini na kushonwa pindo, kwa sehemu kubwa hufumwa na wengine. Mkulima mdogo wa Korogwe hulipwa kwa kilo ya singa, na mteja wa Ulaya hulipa kwa mita ya mraba.

Kufuma mazulia kunahitaji mitambo, umeme wa uhakika na mtaji wa watu wakubwa, hivyo si jambo la kudai lifanyike kufikia vuli ijayo. Lakini kuna mahali pa kuanzia palipo karibu zaidi ya Frankfurt. Hoteli za Zanzibar na Dar es Salaam nazo hubadili sakafu na mapazia kila baada ya miaka michache, na nyingi huagiza mazulia ng'ambo, huku majumbani mkeka wa plastiki ukiwa umeufukuza wa ukili hata katika vijiji vinavyokata miyaa. Mnunuzi wa hoteli yuko safari ya siku moja kutoka Tanga. Anaweza kuuona mzigo kabla ya kuulipia, na ukichelewa wiki tatu bado atakuwa na chumba cha kuutandika.