Kilemba cha Ukoka kwa Kiingereza

Nimelikuta neno "fulsome" katika dibaji ya diwani moja, pale mtunzi alipokuwa akimshukuru mhariri wake. Alikusudia kusema kwamba anamshukuru kwa dhati na kwa wingi. Alichokiandika, kwa masikio ya msomaji wa Kiingereza aliyekomaa, ni kwamba anammiminia sifa za kupita kiasi, sifa zinazonata mpaka zikachefua. Ni kweli kwamba zamani sana neno hilo lilibeba maana ya wingi tu, na wapo wanaolirejesha huko hata leo. Lakini kwa karne nyingi limekuwa na harufu ya unafiki, na harufu haitoki eti kwa kuwa mtumiaji hajainusa. Na sisi jina la jambo hilo tunalo! Twasema fulani kavikwa kilemba cha ukoka. Mtoto wa Kiswahili haulizi kamusi: kilemba ni heshima, ukoka ni majani ya kulishia mbuzi. Mtunzi wetu aliiacha nahau yenye picha, akaenda kuazima neno lisilomkaa, akamvika mhariri wake kilemba hicho hicho bila kujua.

Sisemi haya dhidi ya Kiingereza. Nakisoma na kukipenda. Ninachokipinga ni tabia iliyowapata wasemaji na waandishi wetu, ya kuokota maneno mazito ya Kiingereza kama waokotavyo vyuma chakavu, kwa uzito wake tu. Vyuma chakavu vina mizani yake na bei yake kwa kilo. Neno halina.

Tazama "enormity". Msemaji huona humo ndani ukubwa, basi mradi wa barabara ukasifiwa mbele ya mgeni rasmi kwa "enormity" yake, ilhali maana wanayoishika waandishi makini ni uovu uliovuka mpaka, ubaya wa kutisha. Tazama "penultimate", linalotumiwa kana kwamba ni mwisho wa mwisho, kilele chenyewe, wakati maana yake ni kitangulizi cha mwisho. Ni ajabu mshairi wa Kiswahili alikosee hilo, maana mkazo wa karibu kila neno alitamkalo hukaa papo hapo, kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Na "disinterested"? Namjua mshairi aliyesusia mashindano kwa sababu tangazo liliahidi waamuzi wa sifa hiyo, naye akaelewa kwamba ni waamuzi wasio na hamu ya kumsoma. Waandaaji walikusudia waamuzi wasio na masilahi yao katika matokeo. Hapa tuna methali nzima: kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwamuzi anayetakiwa ni yule asiyevutia ngozi kwake. Laiti tangazo lingeandikwa hivyo, yule bwana angeshiriki, na pengine angeshinda.

Mtu ataniambia kwamba makosa ya dibaji na matangazo hayaui mtu. Nakubali. Ndiyo maana nataka tuteremke mpaka huku niishiko, Katumba Songwe, wilayani Kyela. Bonde letu ni tambarare. Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani kuelekea Ziwa Nyasa, na masika yakikolea mito huvunja kingo zake ikaingia mashambani na majumbani. Songwe hufanya zaidi ya hapo: hubadili njia, na kwa kuwa ndio mpaka wetu na Malawi, shamba la mtu laweza kulala upande huu likaamka ng'ambo. Watu wa ng'ambo ni Wangonde, ndugu zetu wa lugha. Tukikutana twaelewana tangu salamu. Lakini maji ni maji, na mpunga uliosombwa hauna uraia.

Katika mahali kama hapa huja neno "resilience". Huja ndani ya makabrasha, na mkalimani hulitia katika Kiswahili kwa haraka: ustahimilivu. Ngoja tulipime. Neno la Kiingereza limetokana na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuruka kurudi, kama ufito uliopindwa ukaachiwa. Ndani yake mna tendo la kuinuka baada ya kuinamishwa. Kustahimili ni kubeba taabu usilalamike. Tofauti hiyo haiishii katika kamusi. Neno la kwanza lazaa swali: ni nini kitamrudisha mkulima shambani maji yakipungua? Mbegu? Tuta? Ghala lililojengwa juu? Neno la pili halina swali lolote. Humwambia vumilia, basi. Katika mkutano mmoja wa namna hiyo mzee wa huku aliinuka, akashukuru kwanza, ndaga fijo, kisha akauliza kwa upole kama wageni wametoka mbali hivyo kuja kuwafundisha watu wa Songwe kuyavumilia maji waliyozaliwa nayo. Ukumbi ukacheka. Mtoa mada akaandika kitu katika daftari lake. Nadhani aliandika kwamba jamii inahitaji elimu zaidi.

Kosa lilikuwa la nani? Mzee alikuwa sahihi kwa Kiswahili alichokisikia. Kabrasha nalo lilikuwa sahihi kwa Kiingereza chake. Aliyepotea ni mtu wa katikati, aliyelijua neno la Kiingereza kwa sauti yake tu, na neno la Kiswahili kwa mazoea yake tu.

"Stakeholder" nalo lina kisa chake. Hapo kale lilikuwa jina la mtu mnyoofu anayewashikia wengine fedha za dau, yeye mwenyewe akiwa hana dau. Leo limegeuka kinyume, ni kila mwenye dau lake. Neno letu, mdau, limezaliwa upande wa pili huo, na dau lenyewe liko ndani yake, lasikika. Kwa hiyo naomba tulisikie. Mkulima aliyefukia mbegu zake zote topeni ana dau. Aliyekuja kwa posho na kuondoka jioni, dau lake ni lipi? Wote wawili wameandikwa wadau katika orodha moja ya mahudhurio.

Ipo hoja inayopenda kuinuliwa hapa, kwamba Kiswahili na lugha zetu za nyumbani hazina maneno ya fikra za juu, ndiyo maana tunalazimika kuazima. Wenye hoja hiyo ningewakumbusha Godfrey na Monica Wilson, watafiti walioishi kwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930. Humu walikutana na neno ukwangala. Monica alipochapisha kitabu chake juu ya vijiji vya marika, mwaka 1951, alikiita Good Company, na bado ilimbidi afafanue: raha ya kukaa na wenzio, mazungumzo, adabu, na kusaidiana kunakotokana na urafiki. Neno moja la Kinyakyusa lilihitaji sentensi za Kiingereza. Sikumbuki mtu yeyote aliyehitimisha kwamba Kiingereza ni lugha maskini. Bibi yule alikaa, akasikiliza, akaeleza. Kwa nini sisi tukikwama kwa neno moja la Kiingereza tukimbilie kuitangaza lugha yetu mufilisi?

Mwalimu Nyerere hakukimbia. Alipoitafsiri tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, angeweza kuandika "mfanyabiashara" akalala usingizi. Alichagua bepari, neno lililotoka Bara Hindi likiwa na maana ya mchuuzi tu, ambalo kwa Mtanzania wa baada ya Azimio la Arusha lilinuka unyonyaji, tena akalitia katika wingi. Waweza kubishana naye. Binafsi naona aliisukuma tamthilia upande wake. Lakini alijua anasukuma nini.

Na kazi hiyo haijaisha. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Asiyetofautisha mtu asiye na hamu na mtu asiye na masilahi hawezi kututafsiria sifa za hakimu.

Shuleni ndiko kunakonitia uchungu zaidi. Mtoto wa shule ya serikali husoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza mlango hugeuzwa lugha. Hujifunza upesi kwamba neno gumu ni lango, na anayelipita huitwa msomi. Vijana wa huku huja kwangu na orodha walizopakua simuni, wakitaka niwasikilize wakikariri: "gargantuan", "quintessential", "ubiquitous". Nikiuliza hilo la mwisho ni nini, hunijibu kwa Kiingereza kingine walichokariri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia: kila pembe kipo, kama mbu wa Kyela. Hawana habari kwamba ruhusa ya kujibu hivyo wanayo.

Basi nawageukia ninyi watunzi, maana wakalimani hawasomi kurasa hizi. Tupeni neno la "resilience" ambalo mzee wa Songwe hatalicheka. Mimi naweka mezani unyumbufu. Wanasarufi watanung'unika kwamba kunyumbua ni mali yao, piga ikazaa pigia, pigwa, pigana. Lakini hata humo mzizi huvutwa huku na huku na haukatiki, na hilo ndilo nilitafutalo. Udhaifu wake naujua: laonyesha kupindika kuliko kuinuka. Mwenye bora na alilete, alitie katika ubeti wenye vina na mizani, tulisikie likitembea.