Mapokezi ya mtoto huanzia katika daftari la askari

Nyarutarama ni mtaa wa Wilaya ya Gasabo, mjini Kigali, wenye nyumba kubwa za malango ya chuma, makazi ya mabalozi, uwanja wa gofu na ziwa dogo. Katika mtaa wa namna hiyo hufikia wageni wengi watokao ng'ambo. Miongoni mwao wamo vijana ambao kwa hakika si wageni: ni wana wa Rwanda walioondoka wangali wadogo, wakaasiliwa na familia za Ulaya au Marekani, na sasa, wakiwa watu wazima, wanarudi kuitafuta nchi iliyowazaa. Kuasili maana yake ni kumchukua mtoto wa mwingine na kumfanya wako mbele ya sheria, kwa jina na kwa urithi. Siku kijana kama huyo anapofika, wenyeji wake hukusanya marafiki na majirani, vyakula vikapikwa, hotuba zikatolewa, akaambiwa kwamba amefika nyumbani.

Desturi hiyo ni njema na yastahili kusifiwa. Lakini karamu ikiisha na wageni wakiondoka, hubaki swali moja ambalo hakuna karamu iwezayo kulijibu: Mimi ni mtoto wa nani? Jibu la swali hilo haliko kwa mwenyeji aliyeandaa chakula. Mara nyingi limo katika mstari mmoja ulioandikwa, au ulioachwa bila kuandikwa, na mtu aliyemwokota mtoto huyo miaka mingi iliyopita. Na mtu huyo, mara nyingi, alikuwa askari.

Ndiyo maana jambo hili, ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa la akina mama na maofisa wa ustawi wa jamii, ni jambo la jeshi na polisi.

Tuangalie chanzo chake. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, watoto walipatikana katika mabwawa, makanisani, kandokando ya barabara na migongoni mwa mama waliokwisha kufa. Askari waliwabeba mpaka mahali pa usalama. Wengine walisafirishwa nje ya mipaka kwa misafara ya mashirika ya misaada. Mwandishi Beata Umubyeyi Mairesse, aliyeokoka kwa msafara wa tarehe 18 Juni 1994 uliowapeleka watoto Burundi, alitumia miaka mingi kuzitafuta picha za safari hiyo na watoto wenzake, na mwaka 2024 alichapisha kitabu juu ya utafutaji huo. Kisha, mwaka 1996, wakimbizi walipomiminika kutoka Zaire, watoto wengine walipotezana na wazazi wao njiani. Kwa jumla, watoto zaidi ya 100,000 waliandikishwa, nchini Rwanda na katika nchi jirani, kuwa wametengana na jamaa zao.

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa, UNICEF na mashirika mengine walifanya kazi kubwa ya kuwarudisha. Kwa watoto wadogo mno wasioweza kutaja hata majina yao, picha zao zilibandikwa hadharani ili jamaa wapite na kuzitazama. Makumi ya maelfu ya watoto walirudi kwao. Tujiulize: ni watoto gani walirudi upesi? Hapana shaka ni wale ambao mtu fulani alikumbuka kuandika walipatikana wapi, siku gani, wamevaa nini, na walikuwa pamoja na nani. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa mali, sembuse mtoto asiyeweza kujieleza?

Baadhi ya wale ambao habari zao hazikuandikwa waliitwa yatima. Neno hilo ni jepesi kutamka lakini uzito wake ni mkubwa, kwa kuwa mtoto akishaitwa yatima mlango wa kupelekwa mbali huwa umefunguka. Mwaka 2012 ulifanyika uchunguzi wa makao ya watoto nchini Rwanda, yakaonekana makao 33 yenye watoto 3,323. Wengi wa watoto hao walikuwa na jamaa wanaojulikana. Yaani hawakuwa watoto wasio na watu. Walikuwa watoto ambao watu wao walikuwa maskini, wagonjwa au wametawanyika.

Hatari ya neno hilo ilionekana waziwazi nchini Chad, mwezi Oktoba mwaka 2007. Chama kimoja cha Kifaransa kilichoitwa L'Arche de Zoé kilikusanya watoto 103 katika mji wa Abéché, mashariki mwa nchi, kikidai kwamba ni yatima wa vita vya Darfur. Ndege ilikuwa tayari. Baadhi ya watoto walikuwa wamefungwa bendeji ilhali hawakuwa na jeraha lolote. Huko Ufaransa, katika kiwanja cha ndege cha Vatry, familia zilikuwa zimekusanyika kuwalaki. Vyombo vya usalama vya Chad viliwazuia wahusika kabla ndege haijaruka. Uchunguzi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu ulionyesha kwamba watoto wengi kati ya hao walikuwa na mzazi au mlezi aliye hai, tena wengi walitoka katika vijiji vya Chad yenyewe. Mwezi Desemba mwaka huohuo mahakama ya N'Djamena iliwahukumu Wafaransa sita kifungo cha miaka minane na kazi ngumu. Baadaye walihamishiwa kwao, na mwaka 2008 walisamehewa na Rais wa Chad.

Yafaa msomaji autafakari mkasa huo kwa makini. Familia zile za Vatry hazikuwa na nia mbaya. Zilikuja kwa upendo, kama waandalizi wa karamu wanavyokuja kwa upendo. Lakini upendo wa mwenye kupokea hauwezi kuugeuza uongo wa mwenye kuleta kuwa kweli. Kilichowaokoa watoto wale ni uamuzi wa maofisa waliokataa kuamini maneno bila kuona hati.

Mambo ya namna hiyo hayakutokea Chad peke yake. Uganda ilirekebisha sheria yake ya watoto mwaka 2016 ili kuziba mwanya uliowawezesha wageni kuwachukua watoto kwa amri ya ulezi tu. Na mwaka 2020 Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili na wakili mmoja wa Uganda kwa tuhuma za kushiriki katika mpango ambamo wazazi wa vijijini walidanganywa kwamba watoto wao wanapelekwa kusoma. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kuwatoa nchini watoto walioasiliwa mwezi Septemba 2013. Kenya ilisimamisha uasilishaji wa kimataifa mwezi Novemba 2014, na Ethiopia ikaukataza mwaka 2018. Mbali zaidi, Korea ya Kusini ilipeleka ng'ambo watoto zaidi ya 140,000 tangu miaka ya 1950. Mwezi Machi 2025 tume ya nchi hiyo ilitangaza kwamba haki za watoto zilivunjwa, na kwamba wako walioandikiwa hati za uyatima ilhali wazazi wao walikuwa hai.

Rwanda ilichukua hatua mapema. Mwezi Agosti 2010 Serikali ilisimamisha maombi mapya ya uasilishaji wa kimataifa ili kuweka taratibu sawa. Mwaka 2012 iliingia katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993 unaohusu jambo hilo, na mwaka huohuo ikaamua kuwaondoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia, kazi iliyopewa jina la Tubarerere Mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Walezi waliojitolea kuwachukua watoto hao waliitwa Malayika Mulinzi, malaika walinzi. Mkataba wa The Hague wasema kwamba familia ya nchi ya mtoto itafutwe kwanza, na nchi ya nje iwe njia ya baadaye. Lakini kuna ibara moja ambayo askari anapaswa kuijua zaidi ya nyingine, nayo ni ya 30: nchi imewajibika kuhifadhi habari za asili ya mtoto, hasa utambulisho wa wazazi wake na historia ya afya yake, na kumwezesha kuzipata kwa mwongozo ufaao, kwa kadiri sheria inavyoruhusu.

Serikali haiwezi kuhifadhi kisichoandikwa. Na mwandishi wa kwanza ni yule aliyeko barabarani usiku mtoto anapopatikana.

Hapa yafaa kueleza mambo mawili ambayo mara kwa mara huharibu utafutaji katika Rwanda. La kwanza ni majina. Kwa desturi ya Kinyarwanda mtoto hupewa jina lake mwenyewe katika sherehe ya kwita izina. Halazimiki kuchukua jina la ukoo kama ilivyo Ulaya. Ndugu wa tumbo moja waweza kuwa na majina yasiyofanana hata moja. Kwa hiyo kuandika jina la mtoto peke yake ni sawa na kutoandika kitu. Linalohitajika ni jina la baba, la mama, la bibi ikiwezekana, na mlima alikotoka. La pili ni mahali. Marekebisho ya utawala ya mwaka 2006 yalibadili mipaka na majina: Butare ikawa Huye, Gikongoro ikawa Nyamagabe, Kibuye ikawa Karongi, na zile komuni za zamani zilikuwa zimekwisha kufutwa kabla ya hapo. Kijana anayerudi na hati ya mwaka 1995 hutaja mahali ambapo askari mwenye umri kama wake hajapata kupasikia. Asiambiwe kwamba hapapo. Aitwe mzee wa eneo hilo, naye atapaonyesha kwa kidole.

Yuko atakayesema kwamba askari ana kazi nyingi, na kwamba mambo ya watoto yana ofisi zake. Ni kweli kwamba Rwanda inalo Shirika la Taifa la Maendeleo ya Mtoto, lililoundwa mwaka 2020, na kwamba tangu mwaka 2009 vituo vya Isange vimewahudumia watoto na wanawake waliodhulumiwa. Lakini ofisi hizo hufunguliwa asubuhi, na mtoto hupotea saa yoyote. Ofisa wa ustawi hupokea mtoto pamoja na maelezo aliyopewa na askari. Maelezo hayo yakiwa matupu, naye huanzia utupuni. Hali ni hiyohiyo kwa askari walio nje ya nchi yao. Wanajeshi na polisi wa Rwanda wametumika Sudan Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na tangu mwaka 2021 wamepigana na magaidi huko Cabo Delgado, Msumbiji. Kote huko wako watoto waliotengana na wazazi wao. Miaka ishirini ijayo baadhi yao watauliza maswali yaleyale yanayoulizwa leo Kigali.

Yapo pia mambo ya kuzingatia mtu mzima anapofika kituoni kuuliza asili yake. Hana budi kupokewa kwa heshima ya mwananchi, hata kama hajui Kinyarwanda wala Kiswahili na lafudhi yake ni ya kigeni. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini huyu hakuiacha asili yake, aliachishwa angali mchanga. Kumcheka ni kumfukuza mara ya pili. Aidha, alindwe dhidi ya walaghai. Anayefikia Nyarutarama hudhaniwa kuwa na fedha, na shangazi na wajomba wa uongo hawakosekani. Kigali ina maabara ya kupima vinasaba, na kipimo hicho chaweza kumwepusha na udanganyifu.

Lakini kuna upande wa pili usiopaswa kusahauliwa. Wako akina mama waliobakwa mwaka 1994 wakazaa, na baadhi yao hawakuweza kuwalea watoto hao. Leo huenda mama wa namna hiyo ameolewa na ana watoto wengine wasiojua lolote. Mtoto ana haki ya kujua, na mama ana haki ya kusitiriwa. Askari atakayepanda mlimani akiuliza kwa sauti mbele ya majirani aweza kuvunja nyumba akidhani anaunganisha familia. Njia iliyo sawa ni kulipeleka ombi kwa ofisa wa ustawi, mama aulizwe faraghani, na jibu lake liheshimiwe, hata likiwa la kukataa. Hayo ni magumu kwa kijana aliyesafiri kutoka mbali, lakini ukweli uliotolewa kwa adabu huvumilika kuliko fedheha.

Haifai kuhitimisha kwamba waliowaasili watoto hawa walikuwa wezi. Wengi waliwalea kwa mapenzi, wakawasomesha, na wengi ndio wanaowahimiza warudi kutazama kwao. Wala haifai kudhani kwamba kila mtoto aliyepelekwa mbali alikuwa na mtu wa kumlea hapa. Jambo linalodaiwa na makala haya ni dogo na liko ndani ya uwezo wa kila askari: anapopatikana mtoto, andika mahali, saa, nguo, kovu, lugha, maneno aliyoyasema na majina ya waliokuwepo, tia sahihi yako, hifadhi daftari. Usiandike neno yatima mpaka imethibitika. Kazi hiyo haichukui nusu saa wala haihitaji silaha, na pengine aliyeifanya hatapata kushukuriwa, kwa kuwa atakuwa amekwisha kustaafu siku mtoto huyo atakaporudi kuuliza. Lakini siku hiyo mtu atafungua ukurasa, nao utakuwa ama na maandishi au mtupu.