Matokeo Yasiyotarajiwa Yasifutwe Daftarini

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha niliketi nyuma ya darasa la sita, nikimwangalia mwanachuo wetu akifundisha jinsi mimea inavyojitengenezea chakula kwa nuru ya jua. Andalio lake la somo lilikuwa safi na vifaa vilikuwa tayari. Wanafunzi walichemsha majani kwa maji, kisha kwa spiriti, wakayadondoshea iodini. Jani la mche uliokaa juani liligeuka bluu iliyokoza, kama ilivyotazamiwa. Lakini jani la mche uliolazwa kabatini usiku kucha nalo likatoa mabaka ya bluu. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kuuliza. Jibu alilopewa ni hili: "Futa. Andika kama kitabu kisemavyo."

Mtoto akafuta. Kwa maoni yangu, papo hapo somo la sayansi lilikwisha, likabaki somo la imla.

Ili wasomaji waone ukubwa wa hasara hiyo, nachukua mfano wa mtaalamu wa viumbe vidogo vya baharini, Sallie Chisholm, ambaye wenzake humwita Penny. Mama huyu alizaliwa mwaka 1947 Marquette, katika jimbo la Michigan, Marekani, mahali palipo mbali na bahari. Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1974, na mwaka 1976 akaanza kufundisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Katikati ya miaka ya 1980 yeye na mwenzake Robert Olson walitumia baharini chombo ambacho kilikuwa kimezoeleka zaidi katika maabara za tiba. Chombo hicho hupitisha seli mojamoja mbele ya mwale wa leza, kikapima nuru inayotawanywa na kila seli pamoja na mng'ao mwekundu wa umbijani wake.

Pembezoni mwa vipimo vyao zilijitokeza alama dhaifu mno, zilizofanana na vurugu za umeme za chombo chenyewe. Ingalikuwa rahisi kuzifuta. Lakini walipolinganisha maji ya vina mbalimbali, waliona kwamba mng'ao wa alama zile uliongezeka kadiri maji yalivyotoka chini zaidi. Vurugu za umeme hazijui kina cha bahari. Basi alama zile zilitoka kwa kitu chenye uhai.

Mwaka 1988 walitangaza ugunduzi huo katika jarida la Nature. Kiumbe hicho, kilichokuja kuitwa Prochlorococcus, kina upana wa takriban mikromita 0.6 tu. Ndicho kidogo kuliko vyote vijulikanavyo vinavyojitengenezea chakula kwa nuru, na ndicho kilicho kingi kuliko vyote vya namna hiyo. Katika mililita moja ya maji ya bahari kuu yenye joto vyaweza kupatikana takriban 100,000. Bahari yetu ya Hindi nayo imo katika makao yake. Chisholm aliendelea kukichunguza kiumbe hicho kwa miongo kadhaa, na mwaka 2019 akatunukiwa Tuzo ya Crafoord.

Sisemi kwamba kila baka la bluu kabatini ni ugunduzi. Aghalabu ni kosa la matayarisho: usiku mmoja huenda usitoshe kumaliza wanga uliomo katika jani. Lakini hilo ndilo jambo lenyewe ambalo mtoto alistahili kulivumbua. Chisholm na Olson hawakuziamini alama zile kwa kuwa zilikuwa ngeni, wala hawakuzikataa kwa kuwa zilikuwa ngeni. Walitafuta namna ya kuzipima. Darasa lile nalo lingaliweza kuuliza: mche ukikaa gizani siku mbili badala ya usiku mmoja, mabaka yatapungua? Swali hilo halihitaji leza. Lahitaji kabati na subira.

Najua walimu watajibu kwamba muhtasari ni mrefu, vipindi ni vifupi, na mtihani hauulizi mabaka. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, dakika kumi za kujadili matokeo yaliyokwenda kombo humwonyesha mwanafunzi kwa nini mche huwekwa gizani kwanza, jambo ambalo sentensi iliyonakiliwa ubaoni hailifikishi.

Lawama hii siwatupii wanachuo peke yao. Sisi wakufunzi tunapowatathmini hutoa alama kwa jaribio lililofaulu, na mwanachuo mwerevu hujifunza upesi kuficha lililoshindikana. Nami nimo katika kosa hilo.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, daftari la majaribio liwe na safu mbili, ya tulichotazamia na ya tulichokiona, na safu ya pili isifutwe kamwe. Pili, mkufunzi anapokagua somo atoe alama kwa namna mwalimu alivyolipokea jambo asilolitarajia. Vyuo vikianza hivyo, shule zitafuata, na yule mtoto aliyenyoosha mkono atapewa nafasi ya kurudisha mche wake kabatini na kujaribu tena.