Kasumba ya saruji

Katika lugha ya ofisi, nyumba za nchi hii ni za aina mbili: za kudumu na za muda. Nyumba ya saruji na bati ni ya kudumu hata kama ilimalizika jana na ukuta wake umekwisha kupata ufa. Nyumba ya udongo ni ya muda hata kama babu alizaliwa humo na mjukuu naye akazaliwa humo. Afisa anayeandika taarifa haulizi ukuta umesimama kwa miaka mingapi. Huuliza umejengwa kwa kitu gani, na jibu likipatikana hukumu imekwisha kutolewa.

Watumishi wa umma na walimu, ambao ndio wenye kalamu mkononi, hawana budi kulichunguza neno hilo "kudumu", kwa sababu wananchi wanalilipia kwa jasho lao kila mwaka.

Pale Kilwa Kisiwani umesimama Msikiti Mkuu, ambao ujenzi wake ulianza katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne zilizofuata. Katika kisiwa hicho hicho yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14. Hapakutumika hata mfuko mmoja wa saruji. Waashi wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe, chokaa waliyoichoma wenyewe, na boriti za mikoko. Upana wa chumba katika nyumba za mawe za Waswahili ulifuata urefu wa boriti iliyopatikana. Saruji ya kisasa ilipata hati yake ya kwanza huko Uingereza mwaka 1824. Kuta za Kilwa zilikuwa zimekwisha kupigwa na pepo za kusi na kaskazi kwa karne nyingi kabla ya hati hiyo kutiwa sahihi. Na leo fundi akizipaka lipu ya saruji kuta za namna hiyo, iwe Kilwa au Mji Mkongwe wa Zanzibar, anaziharibu, maana saruji huufungia unyevu ndani ya ukuta uliozoea kupumua kwa chokaa.

Wala si mawe peke yake. Mji wa Shibam uko Hadhramaut, nchi ambayo ni chimbuko la Washihiri wengi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Mji huo una nyumba za ghorofa hata saba zilizojengwa kwa matofali ya udongo uliokaushwa juani, na sura yake ni ya tangu karne ya 16. Siri yake haikufichwa: msingi wa mawe, kuta zinazopungua unene kadiri zinavyopanda, chokaa juu ya dari kuzuia maji, na watu wasiochoka kukarabati. Udongo haudumu wenyewe, hudumishwa. Na saruji nayo ni vivyo hivyo, kama ajuavyo mwalimu mkuu yeyote ambaye sakafu ya madarasa yake imekwisha kuwa mashimo.

Dharau hii dhidi ya udongo ina historia. Wakoloni waliugawa mji wa Dar es Salaam katika sehemu tatu: Uzunguni, Uhindini na sehemu ya Waafrika, ambayo Kariakoo ilikuwa moyo wake. Uzunguni nyumba zilitakiwa ziwe za mtindo wa Ulaya. Sehemu ya Waafrika iliachiwa miti, udongo na makuti. Hivyo vifaa vya ujenzi vikapewa rangi ya ngozi, na mtu akiitazama nyumba akajua mwenyewe ni wa daraja gani. Bendera ya mkoloni iliteremshwa mwaka 1961, lakini kipimo chake cha nyumba kilibaki kwenye mafaili.

Hayati Mwalimu Nyerere aliliona jambo hili. Alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, mwaka 1977, aliwakemea waliokataa kujenga nyumba nzuri za matofali ya kuchoma na vigae kwa kungoja bati na saruji. Aliiita saruji udongo wa Ulaya, na mazoea hayo akayahesabu kuwa ni ugonjwa wa fikra. Watu walipiga makofi, kisha wakarudi kupanga foleni ya saruji.

Wako watakaosema kwamba maneno hayo yamepitwa na wakati. Kiwanda cha Wazo kimekuwa kikitoa saruji tangu mwaka 1966, Tanga na Mbeya vikafuata, na mwaka 2015 kilianza kile kikubwa cha Mtwara. Saruji si ya Ulaya tena. Ni kweli, na viwanda hivyo ni fahari ya nchi. Lakini kwa mkulima wa Kasulu au wa Sumbawanga saruji bado hutoka mbali. Huja kwa lori, na bei yake ina mafuta ya lori ndani yake. Mwishoni mwa mwaka 2020 saruji iliadimika na bei ikapanda mpaka Waziri Mkuu akalazimika kuingilia kati. Udongo wa Kasulu haukupanda bei mwaka huo. Zaidi ya hayo, chokaa na udongo wa kutengenezea saruji huchomwa kwa moto wa nyuzi 1,450 hivi, na viwanda vya saruji duniani hutoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na kazi za binadamu. Nchi ambayo wakulima wake wameanza kuionja adabu ya mvua zisizotabirika haiwezi kulipuuza hilo.

Hata hivyo hasara iliyo wazi kuliko zote haiko angani. Iko vijijini, na jina lake ni maboma.

Kila mtumishi aliyefanya kazi wilayani anayafahamu. Mkutano wa kijiji huamua kujenga darasa, zahanati au nyumba ya mwalimu. Wananchi wanasomba mawe, mchanga na maji. Wanawake hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kabla ya kwenda shambani na baada ya kurudi. Mchango wa fedha unanunua saruji kidogo. Kuta zinapanda hadi kwenye lenta, kisha kazi inasimama kungoja nondo, mbao, bati na mifuko mingine ya saruji. Inasimama mwaka mmoja, miwili, mitano. Mvua zinanyesha juu ya kuta zisizo na paa, majani yanaota chumbani, na mwenyekiti wa kijiji anapoitisha mchango mwingine wananchi wanamwonyesha boma. Baadaye Serikali hutoa fedha za kukamilisha maboma, na ni vema inafanya hivyo. Lakini ni nani amepata kuuliza kwa nini jengo la kijiji lilichorwa tangu mwanzo kwa vifaa ambavyo kijiji hakina? Wananchi hawakuchora. Mchoro ulitoka ofisini, pamoja na orodha ya vifaa, na katika orodha hiyo jasho la wananchi linaruhusiwa kubeba mawe tu. Maarifa yao hayakupewa mstari.

Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wa kupambana na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, kwa shilingi milioni 20 kila darasa. Watoto walioketi humo hawana sababu ya kulalamika, na kasi ile ilikuwa ya kupongezwa. Linalostahili kuulizwa ni kiasi gani cha zile milioni 20 kilibaki kijijini kama ujira wa fundi na kibarua wa pale pale, na kiasi gani kilipita tu kuelekea kwa wenye maduka ya vifaa mjini.

Hapa lazima ifungwe milango miwili ya uongo. Wa kwanza ni ule wa kusifu umaskini. Nyumba ya mbavu za mbwa, yenye fito zilizokandikwa udongo bila msingi, haistahili kutetewa na mtu asiyelala humo. Mchwa huila miti yake, mvua ya upepo huula ukuta wake, na katika nyufa zake hukaa papasi aletaye homa. Ni jambo la kuchekesha, kama si la kuhuzunisha, kwamba katika fukwe za pwani mgeni hulipa fedha nyingi apate kulala chini ya makuti, na mtumishi anayemtandikia kitanda anadunduliza mshahara wake akaezue makuti ya nyumbani kwake aweke bati. Mtumishi huyo hakukosea. Anajua makuti yanavuja na yanashika moto.

Mlango wa pili ni ule wa kudhani kila cha asili hakina madhara. Tofali la kuchoma ni zuri, lakini tanuri lake hula kuni, na vilima vingi vimebaki vipara kwa ajili yake. Chokaa ya pwani ilichomwa kwa magogo mengi, na kung'oa matumbawe hai kunaua mazalio ya samaki. Mikoko nayo haiwezi kukatwa kama zamani. Maarifa ya wazee ni hazina ya kuchambuliwa kwa akili, yale yanayofaa yakachukuliwa na yasiyofaa yakaachwa.

Yanayofaa yapo, na utafiti ulikwisha kufanywa. Mwaka 1971 kilianzishwa Dar es Salaam Kitengo cha Utafiti wa Ujenzi, ambacho mwaka 2001 kiligeuzwa kuwa Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Vifaa vya Ujenzi. Miongoni mwa kazi zake ni tofali la udongo lenye saruji kidogo, linaloshindiliwa kwa mashine ya mkono na kufungamana na mwenziwe bila kuhitaji udongo mwingi wa kuungia. Halichomwi hata kidogo. Kwa udongo unaofaa hutosha sehemu moja ya saruji kwa sehemu kumi au zaidi za udongo. Likimwagiwa maji na kufunikwa kwa wiki moja na zaidi, huwa gumu la kubeba nyumba. Kijiji chenye mashine moja na mafundi waliofunzwa kinaweza kufyatua matofali yake chenyewe. Mambo haya yameonyeshwa kwenye maonyesho, yameandikwa kwenye vitabu vidogo, yamesifiwa na wageni rasmi. Kisha mgeni akiondoka, mhandisi wa wilaya anafungua kabati na kutoa mchoro ule ule wa tofali la saruji.

Kwamba jambo hili lawezekana katika nchi isiyo tajiri, shahidi ni kijiji cha Gando, Burkina Faso. Mzaliwa wa kijiji hicho, Francis Kéré, akiwa bado masomoni Ujerumani, aliwarudia watu wake na mchoro wa shule ya msingi ya udongo. Nao kwanza walimtilia shaka, maana kila masika waliona udongo ukiyeyuka. Akawaonyesha tofali lililotiwa saruji kidogo. Shule ilimalizika mwaka 2001 kwa mikono ya wanakijiji: watoto walibeba mawe, wanawake walileta maji. Bati halikutupwa, liliinuliwa juu ya dari la matofali, upepo upite kati na kuliondoa joto, na penu zake pana zizikinge kuta na mvua. Mwalimu aliyepata kunyamaza katikati ya somo kwa sababu mvua inapiga bati juu ya kichwa chake ataelewa mara moja faida ya dari hilo. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote za usanifu wa majengo.

Misri ina somo la upande wa pili. Katika miaka ya 1940 msanifu Hassan Fathy alijenga kijiji cha New Gourna, karibu na Luxor, kwa udongo na kuba za Kinubi, kazi nzuri inayosifiwa hadi leo. Wenyeji waliokusudiwa kuhamia walikataa. Walikuwa na riziki yao kule walikotoka, na kuba ziliwakumbusha makaburi. Afisa anayefikiri kwamba ataamrisha udongo kama alivyoamrisha saruji na asikie hilo.

Njia ya kuondoa aibu ni moja tu, nayo iko mikononi mwa watumishi wenyewe. Mwananchi hatajenga kwa udongo ulioshindiliwa huku akimwona mkurugenzi, mhandisi na mwalimu mkuu wakiukimbia. Nyumba za watumishi na zianze. Michoro ya majengo ya umma itolewe miwili, mmoja wa saruji na mwingine wa udongo ulioboreshwa, na mkutano wa kijiji upewe hesabu ya yote miwili kabla ya kukusanya senti ya kwanza. Walimu wa sayansi nao wana kazi. Udongo ukitiwa katika chupa ya maji, ukatikiswa na kuachwa, mchanga hutuama kwanza na mfinyanzi mwisho; mtoto wa darasa la sita aweza kupima kwa rula kama udongo wa shule yake unafaa kwa matofali. Somo hilo halina gharama, na hakuna mtihani unaolikataza.

Na kabla ya masika yajayo, kila halmashauri iwatume wahandisi wake wakayapime maboma yaliyokwama. Waandike kwa kila boma ni kuta zipi bado nzima, ni zipi zinaweza kumaliziwa kwa tofali la udongo wa pale pale, na udongo wenyewe unachimbwa wapi. Taarifa hiyo isomwe kwanza katika mkutano wa kijiji, ndipo iende wilayani.