Mazoezi ya wafanyakazi: yafanywe saa ya nani?

Serikali za jirani zetu zimeanza kuangalia mwili wa mfanyakazi. Ng'ambo ya ziwa, huko Tanzania, mwezi wa Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo makamu wa rais, alizindua kampeni ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikawekwa kwa ajili hiyo. Rwanda nayo (jina hili si jepesi kulitaja kwetu siku hizi) imewapa watumishi wa serikali Ijumaa mchana kwa michezo. Sisi wa Kalemie tuseme nini?

Haja ipo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri mtu mzima apate kila juma dakika 150 hadi 300 za kutembea haraka au kazi nyingine ya kadiri hiyo. Karani wa mjini anakwenda biro juu ya pikipiki, anakaa kwenye kiti mpaka jioni, anarudi juu ya pikipiki. Na tansiyo na sukari si magonjwa ya matajiri tena katika makanisa yetu.

Lakini wazee wakisikia kwamba mkubwa wa kazi anataka watu waruke pamoja, wanakumbuka mambo mengine. Wakati wa Zaire wafanyakazi walikusanywa wacheze na kuimba sifa za Mobutu na MPR. Ndiyo ile animasiyo. Salongo nayo ilikuwa ya lazima. Huko Burundi, ambako kukimbia kwa makundi ni desturi ya Jumamosi, mwezi wa Machi 2014 vijana wa chama cha upinzani cha MSD walipambana na polisi, na baadaye serikali ikakataza makundi kukimbia Bujumbura isipokuwa mahali palipopangwa. Basi tusishangae mtu akiuliza ni nani anaamuru, na kwa nini.

Tena si kila mfanyakazi anakaa. Mchukuzi wa bandarini anayebeba mifuko ya simenti ya kilo 50 hahitaji kukimbizwa jioni. Watafiti wa Denmark, akiwamo Andreas Holtermann, wameonyesha kwamba kubeba na kuinama siku nzima kazini hakulindi moyo kama mazoezi ya hiari, na kunaweza hata kuudhuru. Huyo apewe kigari cha kusukuma, maji ya kunywa na saa ya kupumzika.

Mama wa biro naye alichota maji kabla ya jua, na akitoka kazini jiko linamngoja. Kumwambia abaki jioni kwa mazoezi ni kumwongezea mzigo. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inasema kazi isipite saa 45 kwa juma. Kwa maoni yetu, shauri lote liko hapa: dakika za mazoezi zitoke ndani ya saa hizo, na mshahara usipunguzwe hata faranga moja.

Kanisa nalo ni mwajiri. Tuna shule, zahanati, biro, walinzi wa usiku. Wengine wanashika 1 Timoteo 4:8 ili kudharau mazoezi, lakini Paulo hakuyakataa; aliyaweka chini ya utauwa, akakubali kwamba yana faida yake. Biro za jumuiya zetu zingeweza kuanza na nusu saa mara tatu kwa juma, asubuhi kabla jua halijawaka: kutembea mpaka ufukoni na kurudi, bila orodha ya waliohudhuria, bila kununuliana fulana, kila mmoja na mwendo wake. Mama akitaka kutembea na liputa yake, atembee nayo.

Wabaki waalimu wetu ambao serikali haijawaingiza kwenye orodha ya malipo. Wengi wao wanakwenda shuleni kwa miguu, kilometa nyingi, kwa kukosa pesa ya pikipiki. Kamati za shule zikutane nao kwanza juu ya miezi wanayodai, kisha ndiyo waongee juu ya mpira.